Nyumba ya Ipogolo, Miguu ya Nani?

Mwanjelwa, jioni, maharage yako motoni

Tusekile mwanangu,

Barua hii nimeiweka ndani ya kikapu cha chakula, juu kabisa, chini ya kitambaa tu, kwa sababu nakujua. Basi halitafika Chimala kabla hujafungua kikapu hicho. Ungekuwa mtu wa kuvumilia njaa ningeificha sandukuni. Isome taratibu, na Yohana akiuliza mama ameandika nini, mwambie ni mambo ya wanawake. Atanyamaza mwenyewe na kutazama nje.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kuanika godoro. Wewe ndiye nesi, mimi ni mshona mashuka tu, na siku hizi hata hayo siyashoni. Nasaha za kuishi na watu umekwisha kupewa na baba yako tangu Jumapili, na nyingine amezirudia mpaka mbuzi wanazijua. Mimi nataka kukuandikia juu ya nyumba.

Jana mlipokuwa mnakula na baba yako sebuleni, mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa pili, maana mume wako anakula vizuri, Mungu ambariki. Nikamsikia akimweleza baba yako kwamba huko Iringa nyumba zimepatikana mbili. Moja iko Ipogolo, chini ya kilima, karibu na gereji atakakofanya kazi. Vyumba viwili, bati jipya, na kipande cha bustani kinachoshuka mpaka mtoni, na kodi yake ndogo. Nyingine ni chumba kimoja tu juu mjini, Kitanzini, ua mmoja na wapangaji wengine, karibu na hospitali utakakofanya kazi wewe. Kodi yake karibu mara mbili. Akasema mwenye nyumba ya Ipogolo anataka jibu siku mtakayoshuka kwenye basi, la sivyo atampa mtu mwingine. Kisha akakugeukia.

"Wewe unaonaje, Tusekile?"

Mwiko wangu ukasimama. Nikatega sikio kama mtu anayesikiliza mvua ikija. Nawe ukajibu kwa kisauti kile cha watoto wa shule ya Jumapili: "Vyovyote utakavyoona wewe."

Ugali ule ulikuwa na mabonge. Baba yako alilalamika nikasema unga mbaya. Unga ulikuwa mzuri kabisa, mwanangu. Mabonge yale yalitoka kinywani mwako.

Najua unafikiri ulijibu kwa adabu. Nami ningejibu hivyo hivyo wakati wangu, tena huku nikitazama chini. Ndiyo maana nakueleza jambo ambalo umelikuta limekwisha tulia, ukadhani ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Sisi hatukuzaliwa Mwanjelwa. Baba yako aliporudi kutoka machimboni Makongolosi, akiwa na suruali mpya na kikohozi, tulipanga chumba mjini Mbeya, nyuma ya soko. Chumba hicho nilikipenda na nilikichukia. Ukuta wa kati ulikuwa wa fito na mikeka. Jirani akikoroma tunamjua kwa jina. Mwenye nyumba alikuwa na mke ambaye kila nikiwasha moto hukohoa uani hata kama moshi unaelekea upande wa pili. Lakini asubuhi nilikuwa najitanda khanga, navuka barabara, na mara niko hospitalini kwenye chumba cha kushonea kabla uji haujapoa tumboni. Nilikuwa na cherehani yangu pale, ya hospitali bila shaka, lakini niliiita yangu. Tulishona mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa. Bibi mkubwa wa wauguzi, Mzungu mmoja mrefu mwenye viatu vya kelele, aliwahi kulishika pindo langu akalitazama, akasema "Safi." Hakuwa mtu wa kusema safi. Nilitembea wiki nzima nimenyoosha shingo.

Ndipo baba yako akaja siku moja anacheka peke yake. Amepata kiwanja huku Mwanjelwa, kwa Msafwa mmoja anayehamia milimani. Nyumba ya udongo imara, nafasi ya kulima viazi, hakuna wa kukohoa. Kodi tunayolipa mjini, akasema, tutaiweka, tutanunua baiskeli.

"Mbali," nikasema.

"Mbali wapi? Nimetoka pale sasa hivi. Ni mwendo wa kupiga mluzi tu."

Ni kweli alitoka pale sasa hivi. Na ni kweli alipiga mluzi. Nikanyamaza, tukahama. Watu wa mjini walitucheka kwamba tumekwenda kukaa na fisi.

Sikudanganyi, nilipapenda. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, usije ukadhani mama yako anaisema vibaya bustani. Wewe umejifunza kutembea kwenye matuta yetu ya viazi, umeanguka ukala udongo, ukanenepa. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na harufu ya majani mabichi. Nilikuwa nikiimba jikoni kwa sauti yangu yote mbaya, na hakuna aliyegonga ukuta. Baiskeli pia tulinunua. Aliyeipanda ni baba yako. Mimi nilikuwa nikiifuta matope.

Na kwa miguu mwanzoni nilifika kazini vizuri tu. Njia ilikuwa moja iliyonyooka, inashuka kwenye korongo, inavuka daraja la magogo, inapanda, unaona mabati ya mjini. Nilikubeba mgongoni, nikakuacha kwa shangazi yako karibu na soko, nikaenda zangu kushona.

Kisha babu yako akaja kutoka Tukuyu.

Alikuwa amefiwa na bibi yako, na baba yako hakutaka abaki peke yake. Jambo jema, nami nililiunga mkono kwa moyo wote. Akaja na miche ya migomba, ng'ombe wawili, na zana zake za kutengeneza vyombo vya maziwa vya mianzi. Baba yako akamjengea nyumba mahali pazuri kuliko pote: palepale darajani, kibaraza kikitazama njia, ili mzee apate watu wa kusalimiana nao na asijisikie mpweke. Jua la asubuhi linampiga magotini, mianzi yake iko kando, kila apitaye anasema "Ugonile" naye anaitikia. Baba yako alifurahi mno. Kila asubuhi alisimamisha baiskeli pale, akanywa maziwa ya mgando, akaendelea.

Sasa wewe umekulia huku kwenye mchanganyiko wa Wasafwa, Wabena na Wasangu, na mila za kwetu umezijua nusunusu. Lakini hili unalijua, kwa sababu uliniona. Mke wa Kinyakyusa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hataji jina lake, wala hapiti mbele yake alipokaa. Ukimwona mbali unaacha njia, unaingia majanini, unajifunika khanga na kuinama mpaka apite. Jina lake hata sasa, mzee amekwisha lala na amekwisha pumzika, siliandiki. Mchungaji alitufundisha kwamba kwa Mkristo hilo si lazima. Mama yangu akaniambia, Mchungaji hana baba mkwe.

Na mzee yule hakuwa anapita, Tusekile. Alikuwa amekaa! Amekaa kutwa, na daraja liko mbele ya magoti yake.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya kona, nakuteremsha mgongoni nikufunge vizuri, naacha njia, nashuka korongoni kupitia magugu yenye umande, nafuata kijito juu mpaka kwenye mawe, naruka, napanda kwenye mashamba ya Wasafwa nikiomba radhi kwa kila tuta la viazi ninalolikanyaga, ndipo natokea juu kwenye mikaratusi, nguo zimelowa mpaka kiunoni, miguu imejaa mikwaruzo. Wakati wa kiangazi ilikuwa adha tu. Masika mawe yakafunikwa na maji, nikawa napanda hadi kule kijito kinakoanza, halafu nirudi chini tena. Mwendo wa kupiga mluzi ukawa mwendo wa kulia.

Nilianza kuchelewa. Mara moja, mara tatu, halafu kila siku. Wenzangu walinifichia mara za kwanza, wakachoka. Yule bibi mkubwa akaniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Mwanjelwa. Akasema kuna wengine wanaotoka Mwanjelwa na wanafika mapema. Ningemweleza nini? Kwamba kuna mzee mpole kabisa anayechonga mianzi, nami siwezi kupita?

Na baba yako naye alikuwa akirudi jioni ananikuta ndiyo kwanza nawasha moto.

"Sasa mama Tuse, wewe kwenda mjini unapitia Tukuyu?"

"Nachelewa tu."

"Unapiga soga sokoni na wanawake wenzako. Sikatazi, lakini tumbo nalo halina masikio."

"Haya."

Nilisema haya, mwanangu. Nimelifikiria neno hilo miaka hii yote. Ningewezaje kumwambia baba yako kwamba mzee wake anazuia njia yangu? Kumsema mkwe ni kumvunjia heshima, na kulalamikia mahali alipokaa ni kama kumwambia aondoke. Nikaona bora nionekane mpiga soga. Tena nilijidanganya kwamba mume wangu ni Mnyakyusa kama mimi, anaijua mila, basi atang'amua mwenyewe. Nilimngoja ang'amue. Nilingoja kwa hasira, nikimkaangia viazi kwa nguvu isiyo ya lazima. Lakini mwanamume hajifichi majanini, atajuaje majani yako wapi? Yeye aliona njia fupi, daraja zuri, baba mwenye furaha.

Masika yalipokolea, siku moja nilifika kazini mashuka ya asubuhi yamekwisha gawanywa, na mwanamke mwingine amekaa kwenye cherehani yangu. Hakuna aliyenifukuza. Bibi mkubwa alisema nitafutiwe kazi ya kufua. Nikakunja aproni yangu, nikaiweka juu ya meza, nikamwambia baba yako jioni kwamba nimechoka na kazi, nataka kulima. Akasema sawa, vizuri, viazi vinahitaji mtu. Cherehani ile sikuigusa tena. Iliniuma, Tusekile. Hata leo nikipita pale na kusikia mlio wake dirishani, mguu wangu wa kulia unacheza wenyewe.

Usihuzunike sana, kwa sababu sasa inakuja sehemu ninayoipenda.

Masika yale yalipokwisha nilikuwa nakwenda sokoni kuuza viazi, kwa njia yangu ileile ya kuibia. Asubuhi moja nikafika kwenye mawe, nikakuta daraja. Magogo mawili mapya, yamechongwa bapa juu ili mguu usiteleze, na kando yake mkono wa mwanzi wa kushikilia. Vipande vya mti vilikuwa bado vyeupe kwenye majani. Nikasema, Wasafwa hawa wamechoka kukanyagiwa viazi vyao. Nikashika ule mwanzi nivuke, kidole changu kikapita kwenye mistari. Mistari ya kuunguzwa kwa moto, pembe ndogondogo zinazofuatana, ile aliyokuwa akiitia mzee kwenye shingo ya kila chombo chake cha maziwa.

Nilikaa chini kwenye magugu na kikapu changu, nikacheka mpaka nikalia. Alikuwa anajua! Siku zote alikuwa akiona majani yalivyolala na nyayo zangu matopeni. Kuniambia nipite hawezi, maana haruhusiwi kunisemesha. Kuhama kibarazani ingekuwa kuonyesha kwamba ameniona. Basi mtu mzima yule, na mgongo wake mbovu, akashuka korongoni na shoka siku nisizokwenda mjini, akanijengea njia ya kumkimbia yeye.

Sikumshukuru kwa maneno, nisingeweza. Ila tangu siku hiyo ndizi zangu zilizopikwa kwa maharage zilikuwa zikivuka kwenda kwake kila Jumamosi, na ulipokua kidogo mpelekaji ulikuwa wewe, ukirudi na chombo cha maziwa na mdomo mweupe. Ulidhani unakwenda kumsalimu babu. Kumbe ulikuwa posta yetu. Kila uliporudi ulisema, "Babu anasema ndaga fijo," yaani asante sana, nami nilisimama nyuma ya mlango nikijibu kimoyomoyo.

Hapo ndipo nilipomwambia baba yako. Nilimpeleka akalione daraja. Akalishika, akatambua mistari, akakaa kwenye gogo. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia, "Kwa nini hukuniuliza kabla hujajenga?"

Akatazama ng'ambo. "Ningeijenga nyumba ya mzee kule juu, nyuma ya migomba. Ilikuwa ni sawasawa tu kwangu. Nilichagua darajani kwa sababu kuna jua."

Sikia hilo, mwanangu. Ilikuwa ni sawasawa tu kwake. Kazi yangu iliondoka kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa maneno machache siku ya kupima kiwanja. Tulicheka, tukakaripiana, tukarudi nyumbani akisukuma baiskeli badala ya kuipanda, na tangu siku ile akitaka kuhamisha hata banda la kuku huniuliza. Wakati mwingine huniuliza mpaka nachoka.

Sasa turudi kwenye kilima chenu. Mimi Ipogolo nimepaona. Ule mwaka wa mkutano wa kina mama wa kanisa tulipokwenda Iringa, basi letu lilipofika pale chini lilianza kuguna kama ng'ombe anayezaa, likapanda polepole hata mwenzangu akasema afadhali tushuke tuliombee. Ni pazuri pale mtoni. Bustani itastawi, najua, na mtoto atakayekuja, akija, atakula udongo kama wewe. Vyumba viwili ni heshima, na kodi ndogo si jambo la kudharau kwa watu wanaoanza. Wala sisemi Kitanzini ni peponi. Utamsikia jirani akikoroma.

Lakini Yohana atatoka mlangoni na kuingia gerejini kabla hajamaliza kupiga mwayo. Wewe ndiye utakayepanda kilima kile alfajiri, katika baridi ile ya Iringa inayokata masikio, ukasimame kutwa wodini, halafu ushuke giza likiingia, uchote maji, uwashe moto. Na akisema mtanunua baiskeli kwa kodi itakayobaki, muulize kwa upole itapandwa na nani.

Anayajua haya? Nadhani hayajui. Hajawahi kukipanda kilima kile kwa haraka na viatu vyeupe vya unesi. Na huyu si mtu mbaya. Huyu ameuliza, tena mbele ya baba mkwe wake, akaweka kijiko chini akangoja. Nilichungulia mlangoni nikamwona. Ulipomjibu vile alionekana kama mtu aliyebisha hodi nyumba yenye watu, asiitikiwe. Mimi ningetoa kuku wangu wote siku zile niulizwe vile.

Mnayo safari ya kutwa nzima ninyi wawili kwenye kiti kimoja. Hawezi kwenda gereji, wewe huwezi kwenda jikoni. Kabla ya njia panda ya Rujewa, mkishakula, akiwa ameshiba na hana pa kukimbilia, mwambie lile swali alirudie. Halafu sema. Labda utasema Kitanzini. Labda utasema Ipogolo, lakini maji achote yeye na jioni aje kukupokea njiani. Labda mtapata jambo la tatu ambalo mimi na baba yako hatukuwa na akili ya kuliona. Mimi moyoni naegemea Kitanzini, nakuambia wazi, lakini miguu si yangu, usinisikilize.

Maharage yameiva na baba yako anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni mambo ya wanawake, amenyamaza.

Nakupenda, Tusekile. Kwetu hatusemi hivyo sana, tunakupa chakula tu, lakini kikapu kina mwisho wake. Baada ya mavuno nitakuja kukutazama. Ukichagua chumba cha mjini, nitalala sakafuni kwako na kukohoa pamoja na wapangaji. Na ukichagua Ipogolo, nitakipanda kilima hicho pamoja na wewe asubuhi, nikihema, nikisimama kila penye jiwe, na hutanisikia nikilalamika hata mara moja, maana nitajua ni wewe uliyesema.

Mimi mama yako